Kilti ya Gia Tatu Ilivyorefuka

Pale kwenye kona ya uwanja wa Aberfeldy, mji mdogo wa Uskoti, ubavuni mwa duka la mikate, kuna benchi la mbao lililowekwa ili watalii wapumzike, na hakuna mtalii aliyewahi kupata nafasi ya kulikalia. Kuanzia saa tatu asubuhi lina wenyewe. Kuna Profesa, yaani Lachlan, aliyefundisha kemia miaka thelathini na hadi leo hawezi kuagiza mkate bila utangulizi. Kuna Sajini, yaani Torquil, ambaye kweli alikuwa jeshini, ila jikoni. Vita vyote alivyopigana vilikuwa na viazi. Kuna Posta, yaani Eck, anayegawa barua kwa kaptula hata theluji ikifika magotini, na hupitia hapo akimaliza mtaa wa juu. Na kuna Murdo Geddes, dereva wa basi mstaafu, anayeitwa Gia Tatu kwa sababu miaka thelathini na moja ya kwenda Perth na kurudi, hakuna abiria aliyewahi kumsikia akitia gia ya nne. Kahawa yao hutoka kwenye dirisha la duka, na kijiwe huvunjika kahawa inapoisha, si dakika moja kabla.

Alhamisi hiyo Gia Tatu alikuwa wa mwisho kufika, jambo ambalo si kawaida yake, na alikuja amevaa kilti, ile sketi ya sufu yenye mikunjo nyuma ambayo wanaume wa huko huvaa siku za sherehe. Mvua ya Machi ilikuwa bado haijaamua kama inyeshe au iache. Wenzake walimtazama akivuka uwanja taratibu, kwa mwendo wake wa basi, mpaka alipowafikia.

— Leo kuna mpira? — Posta aliuliza.

— Hakuna mpira.

— Msiba?

— Hakuna msiba, Eck. Sogea nikae.

— Asikae! — Sajini alinyoosha mkono kama anazuia gari. — Usikae hivyo hivyo, Murdo! Hiyo siyo suruali. Ukijitupa tu, mikunjo ya nyuma inalaliwa, halafu ukiinuka unaonekana umelala nayo. Ifagie kwa mkono kwanza, ilaze sawa, ndipo uketi.

Gia Tatu akaifagia kwa kiganja, akaketi, akapokea kikombe chake. Ukweli ni kwamba alikuwa amekuja kuomba msaada, na Gia Tatu hajui kuomba msaada. Anachojua ni kujiweka mahali ambapo watu watajiingiza wenyewe kumsaidia, halafu yeye akasirike.

Keshokutwa, Jumamosi saa nane mchana, binti yake wa pekee, Catriona, alikuwa anaolewa, na yeye ndiye wa kumshika mkono kumwingiza kanisani. Hilo kijiwe kizima kilijua, kwa kuwa wote walialikwa. Wasilolijua ni ujumbe uliokuwa kwenye simu yake tangu Jumatatu. Catriona alikuwa ameandika: "Baba, kama kilti itakusumbua, vaa suti tu. Mimi sina neno." Gia Tatu aliusoma mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alijibu "Sawa," kisha akazima simu.

Alijua ulikotoka. Juni iliyopita, harusi ya mtoto wa kaka yake, walipigwa picha ya ukoo mzima mbele ya hoteli, na yeye alisimama mstari wa mbele, kilti imemshuka hadi kwenye miundi kama mtu aliyetoka bafuni na taulo. Picha ilipoletwa nyumbani, Catriona aliitazama muda mrefu, akailaza kifudifudi mezani, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa visafi. Gia Tatu aliona yote hayo. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mtoto wake anamwonea aibu, na ilimuuma, ilimuuma kuliko goti lake la breki.

— Kwa hiyo ni mazoezi ya Jumamosi, — Profesa alisema, akivua miwani ili aone vizuri, maana miwani yake ni ya kusomea tu. — Simama tukukague.

— Nimekaa sasa hivi.

— Simama, bwana.

Akasimama. Walimzunguka wote watatu kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani.

— Harusi ni saa nane, — Profesa alianza. — Saa nane ni mchana. Mchana ni koti la sufu nzito kama hilo, kizibao chake, tai ndefu ya kawaida, viatu vya ngozi, na kimkoba cha ngozi tupu hapo mbele. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini wewe umevaa koti la mchana, halafu mbele umetundika kimkoba cha manyoya chenye mdomo wa fedha. Hicho ni cha usiku. Juu kumekucha, chini kumekuchwa.

— Ndicho nilichokiona kabatini.

— Acheni mbwembwe zenu, — Posta alidakia. — Kilti ni nguo, siyo mtihani. Mimi naivaa na fulana na buti, soksi nimezikunja mpaka kwenye kifundo, naenda zangu Edinburgh kwenye raga, nala pai yangu, narudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kimkoba.

— Kwa sababu hakuna anayetaka kukusogelea, — Sajini alimjibu.

— Semeni mtakavyo. Sweta safi jeusi, buti zilizopigwa rangi, mchezo umekwisha. Vijana wa siku hizi wanaoa hivyo.

— Huyu siyo kijana, na haoi. Anamtoa binti.

— Kwani anayemtoa binti haruhusiwi kupumua?

Sajini alikunywa kahawa yake funda moja refu, dalili kwamba anataka kutoa amri.

— Sikilizeni. Ibada inaanza saa nane, ngoma zinaisha saa sita usiku. Kijeshi, unavaa kwa ajili ya saa utakayomalizia, si saa utakayoanzia. Koti fupi jeusi, vifungo vya fedha, tai ya kipepeo, viatu vile vya kamba ndefu. Na kamba zifungwe kwenye kifundo, Murdo, usizipandishe hadi kwenye shavu la mguu kama mcheza dansi. Mwisho wa habari.

— Kijeshi gani, Torquil? Jeshi la vitunguu?

— Jeshi lazima lile, Posta. Jeshi lenye njaa halivai hata soksi.

— Hapana, hapana, — Profesa alikataa kwa kichwa. — Koti la usiku mchana ni hatari. Mwili unachanganyikiwa. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwalimu wetu wa muziki alivaa koti la usiku kwenye mahafali ya saa nne asubuhi. Saa sita tukamkuta amelala juu ya kinanda.

— Alikuwa amelewa.

— Alilewa kwa sababu mwili wake uliamini ni usiku!

— Na kisu? — Sajini akamkazia macho Gia Tatu. — Mbona soksini sioni kisu?

— Kanisani niende na kisu?

— Kidogo, cha urembo, mpini tu ndio unaonekana. Na kiwe soksi ya kulia, maana wewe ni mtu wa mkono wa kulia. Kikikaa kushoto kinakuvuta kushoto ukitembea. Kuna bwana mmoja wa Kenmore alikivaa kushoto siku ya ubatizo wa mjukuu wake, akatoka nyumbani kwenda kanisani, akajikuta kwa kinyozi.

— Wacha weee! — Posta alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kaptula. — Na kunyolewa akanyolewa?

— Angefanyaje? Alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

Gia Tatu aliyasikiliza yote hayo bila kucheka. Alikuwa anatazama saa ya kanisa. Sajini akalifuata jicho lake, kisha akashusha macho toka kichwani mpaka magotini, na hapo yakakwama.

— Ngoja. Simama wima. Usijitazame miguu, ukijitazama unaivuta. Tazama saa hiyo hiyo unayoitazama. Murdo, hii inakufika wapi? Inatakiwa ikomee katikati ya goti. Hii goti imelipita kitambo, imekwenda kutembea.

— Najua, — Gia Tatu alisema. — Saa tano nina miadi na fundi. Yule anayeshona mapazia kule nyuma ya daraja. Atanipunguzia vidole vitatu chini.

— Atapunguza chini?

— Chini. Dakika ishirini, kasema.

Sajini aliweka kikombe chake kwenye ukingo wa benchi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa anatania.

— Murdo, kilti haikatwi chini. Hapo chini hakuna pindo. Gusa. Huo ni ukingo wa kitambaa chenyewe, kama kilivyotoka kwa mfumaji. Ukikata hapo inaanza kufumuka. Akikuwekea pindo ili isifumuke, inakuwa nzito chini, mikunjo inakufa. Utatembea na haitacheza tena maisha yako yote.

— Yeye ni fundi.

— Ni fundi wa mapazia. Pazia haliendi popote.

— Kata tu, bwana, — Posta alisema. — Nani atapiga magoti kukagua pindo kanisani?

— Mimi naunga mkono kukata, — Profesa alisema, — lakini kwa masharti, na masharti yenyewe ni manne.

— Au avae viatu vya kisigino kirefu, — Sajini alijaribu, halafu yeye mwenyewe akajisikia vibaya. — Basi, sahau hilo.

— Nyinyi mnacheka! — Gia Tatu alisema kwa sauti ambayo hawakuizoea, na mwanamke aliyekuwa anapita na mbwa akageuka. — Nikienda hivi hivi namwaibisha mtoto mbele ya watu. Nikikata naharibu nguo niliyomwolea mama yake. Nikivaa suti, nakuwa nimekubali kwamba kweli siwezi hata kujivika. Haya, chagueni nyinyi, maana ndio mabingwa.

Hakuwangoja wachague. Akatoa simu mfukoni mwa koti, akaiwasha, akampa Posta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Posta akasoma ule ujumbe, midomo ikimchezacheza.

— Hapa hajasema aibu, Murdo.

— Wewe kazi yako kuzipeleka barua, siyo kuzielewa.

Posta akamrudishia simu. Sajini, ambaye asipojua la kusema hutafuta la kufanya, alichukua gazeti la Profesa akalitandika kwenye lami mbele ya benchi.

— Piga magoti.

— Hapa?

— Ndivyo inavyopimwa. Mtu anapiga magoti, anatazama mbele, na ukingo wa chini unatakiwa uiguse sakafu kidogo tu, au usiiguse kabisa. Tuone ukubwa wa tatizo kabla hujampelekea mtu wa mikasi.

Gia Tatu, umri miaka sitini na minane, akapiga magoti katikati ya Aberfeldy saa nne na nusu asubuhi, juu ya ukurasa wa matangazo ya magari. Kilti ilimwagika chini pande zote. Posta akainama, akaweka vidole. Vilikuwa vitatu kamili, na kidogo juu yake.

Hapo dirisha la duka likafunguka. Mwanamke aliyetokeza alikuwa Seonag, mtu wa visiwani, Lewis, aliyeanza kazi Jumatatu na bado hajapewa jina na kijiwe. Alikuwa na birika la mzunguko wa pili. Alimtazama mzee aliyepiga magoti, akawatazama waliomzunguka.

— Anaungama nini?

— Anapimwa, dada, — Posta alimwambia. — Kilti yake imekuwa ndefu. Vidole vitatu.

— Ameazima?

— Ni yangu, — Gia Tatu alijibu kutoka chini. — Ya harusi yangu. Miaka arobaini na miwili sasa.

— Na siku ya harusi yako ilikuwa ndefu hivyo?

— Ilikuwa sawasawa.

— Baadaye?

— Sawasawa. Hata nilipotimiza hamsini ilikuwa sawasawa, kuna picha.

Seonag akamimina kahawa kwenye kikombe cha Sajini, taratibu, bila kumwaga tone.

— Basi imerefukaje? — aliuliza. — Kitambaa hakikui.

Aliuliza kama mtu anayeuliza sukari vijiko vingapi, na akangoja jibu vilevile.

— Swali zuri, — Profesa alisema, akavaa miwani, akaivua. — Sufu, kwa asili yake, ni nywele. Na nywele, kwenye unyevunyevu kama huu wa kwetu, hujivuta...

— Sufu ikipata maji hurudi, mwalimu. Inakuwa fupi. Mimi nimekulia kwenye kondoo.

— Basi mtu ndiye amepungua, — Posta alisema. — Wazee hufupika. Bibi yangu alianza kwenye rafu ya juu, akaishia kwenye rafu ya chini.

— Vidole vitatu, vyote kwenye miguu? — Seonag aliuliza. — Mbona mikono ya koti inamtosha?

Wakaitazama mikono ya koti. Ilimtosha. Ikabaki zamu ya Sajini. Alifikiri, akasugua kidevu, akafikiri tena.

— Mimi najua viazi, — alisema hatimaye.

Basi hilo ndilo lililokuwa jibu la kijiwe, miaka yote hiyo ya kukaa na kubishana. Seonag akawamiminia waliobaki, na birika likatoa sauti ya kuelekea mwisho.

Gia Tatu alikuwa bado yuko chini. Baridi ya lami ilipenya gazeti ikamfikia magotini, lakini hakuinuka, kwa kuwa swali lilikuwa limemkamata. Miaka arobaini na miwili, na kwa thelathini na sita ya kwanza nguo ilikuwa sawasawa. Ishbel, mkewe, alifariki miaka sita iliyopita. Kilti ikakaa kabatini. Juni iliyopita ndipo alipoitoa akaivaa, peke yake, chumbani, huku redio ikisoma hali ya hewa. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo lilimfanya aone haya, ingawa hakuna aliyemwona: kabla ya siku ile hakuwa amewahi kujivika kilti yake mwenyewe hata mara moja. Yeye alikuwa anavaa shati, anajizungushia kitambaa, anasimama. Kilichobaki, siku ya harusi alikifanya kaka yake, na tangu hapo Ishbel, nyuma.

Alichokumbuka ni mikono tu. Ishbel alikuja kwa nyuma, akamzungushia mikono yote miwili tumboni, kidevu chake kikamgusa katikati ya mabega, akambana kwa nguvu mpaka visigino vyake vikaachana na sakafu. Kila mara. Ubatizo, mazishi, mwaka mpya, kila mara. Kisha akampiga mgongoni mara mbili, kwamba tayari, nenda. Gia Tatu alifikiri ni mapenzi, na hakuwa mtu wa kuhoji mapenzi. Hilo hakuweza kuwaambia watu wa benchi.

— Mke wangu ndiye alikuwa ananimalizia, — alisema tu.

— Alikuwa anafanyaje? — Seonag aliuliza.

— Alikuwa nyuma yangu, dada. Sikuona.

— Na nani alikuwa anaona?

Gia Tatu akainuka kwa kushika bega la Posta. Ng'ambo ya uwanja, juu ya duka la dawa, kulikuwa na chumba cha daktari wa meno, na nyuma ya dirisha lenye pazia jeupe ndipo Catriona alipofanya kazi ya kupokea wagonjwa na kumshikia daktari vifaa. Tangu Jumatatu hadi jana alikuwa akija kijiweni kwa njia ya mtoni ili asipite mbele ya dirisha lile; leo tu, kwa kuchelewa, ndipo alipokatiza uwanjani. Saa ya kanisa ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi, na kwa fundi ni mwendo wa dakika nane.

Akapiga simu.

— Catriona. Mwanangu, una dakika tano? Niko hapa kijiweni. Nina shida.

Katika maisha yake yote Catriona hakuwa amewahi kumsikia baba yake akitamka hilo neno. Alishuka ngazi mbio, bila koti, na sare yake ya buluu, akavuka uwanja bila kutazama kulia wala kushoto.

— Baba! Umeanguka? Magoti yako yamelowa!

— Sijaanguka. Nimepigishwa magoti.

— Na nani?

Profesa na Posta wakamwonyesha Sajini kwa kidole, kwa pamoja.

— Mama yako alikuwa ananifanya nini hapa nyuma? — Gia Tatu aliuliza, moja kwa moja, kwa kuwa alijua akizunguka hatafika. — Alikuwa ananivika, na ilikuwa inakaa sawa. Mimi nikijivika inakuwa ndefu. Saa tano naipeleka ikakatwe.

— Ikakatwe? — Catriona alishika kitambaa kana kwamba mikasi iko njiani. — Wapi?

— Chini.

— Haikatwi popote. — Alimtazama kiunoni, kisha usoni, na sauti yake ikashuka. — Baba, umeifunga kama suruali. Chini ya tumbo.

— Ningeifunga wapi? Tumbo liko hapo.

— Juu. Kwenye kitovu. Kilti inavaliwa juu, na tumbo linaingia ndani. Wewe ulipoanza kunenepa, Mama akawa anaipandisha. Hukujua?

— Ningejuaje? Kila kitu kilifanyika mgongoni kwangu.

— Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikiwasubiri, na viatu vyangu vya sherehe. Niliona kila mara. — Akavuta pumzi. — Ile picha ya Juni...

— Najua. Ulinionea aibu.

— Aibu? — Catriona alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. — Aibu gani, Baba? Niliiona ile picha nikajua hakuna aliyekupandishia. Basi. Niliona mahali Mama alipokuwa hayupo. Sikuweza kuitazama, na nikafikiri Jumamosi sitaweza kukuona hivyo tena, nikiwa nimekushika mkono. Ndiyo nikasema suti. Nilijifikiria mimi, sikukufikiria wewe.

Posta aliangalia buti zake. Profesa alifuta miwani kwa tai, miwani ambayo hakuwa ameivaa.

— Inua mikono, — Catriona alisema.

Gia Tatu akainua. Yeye akaenda nyuma. Akafungua bizimu ya kulia, kisha ya kushoto, akamzungushia mikono yote miwili tumboni, kidevu kikamgusa katikati ya mabega, akabana, akavuta juu. Visigino vya Gia Tatu vikaachana na lami ya Aberfeldy. Mikunjo ya nyuma ikajipanga yenyewe, mmoja juu ya mwenzake, na ukingo wa chini ukapanda, ukapanda, ukatua katikati ya goti. Catriona akafunga bizimu kwenye tundu la mwisho kabisa. Sajini aliyekuwa ameinama kukagua aliinuka polepole, akaitikia kwa kichwa.

Gia Tatu alikuwa anatazama saa ya kanisa. Hakushusha macho, kwa kuwa aliambiwa asijitazame miguu.

— Nilidhani alikuwa ananikumbatia, — alisema.

— Alikuwa anakukumbatia, Baba, — Catriona alisema nyuma yake. — Na kuipandisha pia.

Akampiga mgongoni mara mbili.

Saa ya kanisa ikagonga saa tano. Catriona alijifuta macho kwa mkono wa sare, akaja mbele, akakiweka kile kimkoba sawa, akakitazama vizuri.

— Hiki siyo. Hiki ni cha usiku. Cha ngozi kiko droo ya chini, nyuma ya soksi. Koti hili hili linafaa. Pale mbele kitambaa kinapopishana, pini ni ya kipande cha juu tu, usichome vyote viwili, utashindwa kutembea. Jumamosi saa sita nakuja kwako kukufungia, ndipo nikavae gauni langu.

— Siku ya harusi yako uje kunivika mimi? Na bwana harusi?

— Atasubiri. Hana mikunjo.

Akarudi kazini mbio kama alivyokuja, maana alikuwa ameacha mtu kwenye kiti mdomo wazi.

— Koti la mchana! — Profesa alisema, akijaribu kutojivuna na akishindwa. — Kimkoba cha ngozi! Nilisema nini mimi?

— Ulisema kukata, kwa masharti manne, — Sajini alimkumbusha.

— Masharti ambayo hamkutaka kuyasikia.

— Na fundi? — Posta aliuliza. — Anakungoja.

— Mpitie umwambie ashone mapazia yake, — Gia Tatu alisema. — Uko njia hiyo.

Seonag akagawa kahawa iliyobaki, nusu kikombe kila mtu, akalipindua birika kuwaonyesha kwamba hakuna tena. Mvua ilikuwa imeamua kunyesha kidogo. Sajini akalifuta benchi kwa mkono, akasogea, Posta naye akasogea, nafasi ikapatikana ya kutosha kabisa katikati ya benchi.

— Kaa sasa, — Sajini alimwambia. — Fagia kwanza, halafu kaa.

— Sikai, — Gia Tatu alisema.

Akanywa nusu kikombe chake akiwa amesimama wima kwenye mvua, mkono mmoja nyuma kiunoni, juu ya bizimu, mpaka kahawa ikaisha.